Kopo lilifungwa vizuri, mbona maharage yana wadudu?

Maharage yalichaguliwa, yakapepetwa, yakatiwa kwenye kopo la mfuniko wa kukaza na kuwekwa juu ya rafu. Unakuja kufungua baada ya mwezi na nusu, chini ya kopo kuna unga mweupe, vidudu vya kijivu vinatambaa, na kila ukichota mkononi unakuta punje zenye matundu. Lawama huangukia mfuniko, na mara nyingi mfuniko unaonewa. Wadudu hao hawakupenya. Walimiminwa humo siku ileile maharage yalipomiminwa, wakiwa bado mayai au mabuu yaliyojificha ndani ya punje. Mfuniko uliwafungia tu na chakula chao.

Mdudu wa maharage huanza kazi shambani, maganda yanapokauka na kufunguka kidogo. Jike huacha mayai humo, au huyataga baadaye kati ya punje ghalani na dukani. Buu linaloanguliwa ni dogo mno, na tundu linaloingilia ni dogo kuliko ncha ya sindano, kwa hiyo hata mtu mwenye macho makali anayechagua maharage kwenye ungo hawezi kuliona. Likishaingia hula kimyakimya kwa wiki kadhaa. Linapokaribia kuwa mdudu kamili hukwangua ndani ya ngozi ya punje mpaka ubaki utando mwembamba tu. Hapo ndipo mtu anaweza kulikamata: iinamishe punje kwenye mwanga utaona duara dogo lililofifia, lenye ukingo safi, kama dirisha lililofungwa. Siku ikifika mdudu hulisukuma hilo dirisha, akatoka. Yeye mwenyewe hana haja ya kula. Hujamiiana, hutaga, hufa, na mayai yale ndiyo yanayomaliza kopo.

Kwenye kunde na choroko kuna alama iliyo wazi zaidi, ila wengi huidhania vumbi. Ni vidoa vyeupe vilivyogandamana na punje, visivyotoka hata ukivisugua kwa kidole. Ni mayai. Yai bichi huwa kama tone la gundi, karibu halionekani. Huwa jeupe kabisa baada ya buu kutoboa punje moja kwa moja chini ya yai na kujaza ganda tupu kwa unga unaotokana na uchimbaji wake. Kwa maneno mengine, kidoa cheupe kinakuambia kwamba buu limeshaingia. Ukiona choroko za dukani zina vidoa hivyo, nunua za kupika wiki hii au ziache.

Mahindi na mchele vina mdudu mwingine, fukusi, yule mweusi au wa kahawia mwenye pua ndefu. Jike hutoboa punje kwa pua hiyo, hutaga yai moja, kisha huziba tundu kwa ute unaokauka. Katika joto la nyuzi 27 hadi 30, yaani joto la kawaida la Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, safari ya yai hadi fukusi kamili huchukua kama wiki tano. Ndiyo maana mchele ulionunuliwa safi "hubadilika" mwezi wa pili. Sehemu za baridi kama Njombe au Limuru hesabu hiyo hurefuka sana, na joto likishuka chini ya nyuzi 15 kuzaliana karibu kunasimama.

Unga ni habari nyingine. Mashine ya kusaga huua sehemu kubwa ya mabuu yaliyokuwa ndani ya nafaka, kwa hiyo mdudu wa kwenye unga kwa kawaida ameingia baadaye: kwenye mashine yenyewe, kwenye kiroba kilichotumika mara ya pili, dukani, au kwenye kabati lako. Anayejulikana zaidi ni mdogo, bapa, mwekundu wa hudhurungi, wa milimita 3 hadi 4. Punje nzima isiyo na ufa humshinda, lakini kwenye unga anaweza kuishi mwaka na zaidi, na mayai yake yana utomvu unaonasa unga, yasionekane. Wakiwa wengi hutoa kemikali inayoupa unga harufu kali ya kukera na rangi ya waridi iliyofifia. Ukikuta nyuzi kama za buibui zimeshikanisha unga au mchele mabongebonge, huyo si mmoja wao. Ni kiwavi wa nondo.

Kabla chakula hakijaingia kwenye kopo

Kama wadudu huja na chakula, basi kazi kubwa ni ya siku ya kwanza, kabla ya kopo. Mtu anayetoka sokoni na kumimina moja kwa moja kwenye mitungi yake mizuri ya kioo amepanga jiko lakini hajahifadhi chakula.

Njia ya uhakika kwa mwenye friza ni baridi. Funga maharage, mchele au unga kwenye mifuko ya kilo 1 au 2, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne. Mfuko wa kilo 10 usiutie mzima, kwa sababu katikati yake huchelewa sana kupoa. Kosa la kawaida hufanyika wakati wa kutoa. Mfuko ukifunguliwa ungali baridi, hewa ya jikoni huacha maji juu ya chakula kama inavyofanya kwenye chupa ya soda, nawe unakuwa umeondoa wadudu ukakaribisha kuvu. Uache umefungwa mpaka upate joto la chumba, hata kama ni kulaza hadi kesho yake.

Asiye na friza ana jua. Lakini kuanika juu ya mkeka hakutoshi. Wadudu wakubwa hukimbia, mabuu hubaki salama ndani ya punje. Kinachowaua ni joto kali lililofungiwa: tandika plastiki nyeusi juu ya majani makavu au godoro la nyasi ili ardhi isinyonye joto, tandaza kunde au maharage kwa unene wa punje moja au mbili, funika kwa plastiki angavu na ukandamize kingo zote kwa mawe. Punje zikifika nyuzi 57 na kukaa hapo kwa saa nzima, mayai na mabuu ya mdudu wa kunde hufa. Siku ya jua kali, kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri, joto hilo linafikika. Siku ya mawingu usijisumbue. Baada ya hapo acha zipoe kabisa kivulini kabla ya kufunga, la sivyo mvuke wake utageuka maji chini ya mfuniko.

Kuna na hila isiyohitaji kitu chochote, kwa maharage ya kawaida tu. Jaza chupa nusu, uibiringishe mara kadhaa asubuhi na jioni. Buu dogo huhitaji karibu siku nzima kutoboa ngozi ya harage, na wakati wa kutoboa hujikaza kati ya punje mbili ili lipate nguvu. Punje zikihama, hupoteza tundu lililoanza, huanza jingine, mwisho hufa kwa kuchoka. Mabuu yaliyokwisha kuingia hayadhuriki, hivyo inabidi uendelee kwa wiki kadhaa mpaka kizazi hicho kitoke na kufa bila warithi. Kwa kunde na choroko hila hii haifui dafu, kwa kuwa yai limegandishwa na buu huingia kwa chini.

Kopo lijae

Hapa ndipo mpangilio wa jiko unapoingia. Mdudu hupumua. Kwenye chombo kisichopitisha hewa, wadudu na nafaka hutumia oksijeni iliyomo mpaka ipungue kiasi kwamba wadudu wanaacha kula, wanaacha kutaga, wanakufa. Mifuko ya tabaka tatu inayouzwa kwa wakulima, kama ile ya PICS iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue kwa ajili ya kunde za Kameruni, hutegemea jambo hilo tu, bila dawa yoyote. Na chupa ya maji ya plastiki hufanya kazi hiyohiyo.

Sharti ni ijae. Kati ya punje na punje kuna nafasi, takriban asilimia 40 ya ujazo wote. Chupa ya lita 1.5 iliyojazwa hadi shingoni hubeba kama kilo 1.2 za maharage na hewa isiyozidi sana nusu lita. Ijaze nusu tu, hewa inakuwa kama lita moja, huku maharage yakiwa nusu. Kwa kila kilo ya chakula, wadudu wamepewa hewa zaidi ya mara tatu. Na kila ukifungua kuchota kikombe, unawapa nyingine. Ndiyo maana kopo kubwa la kioo linalofunguliwa kila siku ndilo huoza kwanza, hata liwe la bei gani.

Kwa hiyo gawa vyombo mara mbili. Kopo dogo la kutumia wiki hii likae karibu na mkono, lisizidi kilo moja. Akiba ikae kwenye chupa au madumu yaliyojazwa pomoni, yakagongwagongwa chini ili punje zishikane, yakafungwa, yakaandikwa tarehe kwenye karatasi ya gundi, na yasiguswe mpaka kopo dogo liishe. Chombo kiwe kikavu ndani kabisa, na chakula pia. Jaribu mfuniko kabla: funga chombo kitupu, kizamishe kwenye beseni la maji na kukibana. Mapovu yakitoka, hicho ni cha kuwekea vijiko. Madumu ya rangi au dawa za shamba hayafai hata yakioshwa mara kumi.

Akiba iwe mbali na jiko na isikae juu ya friji, ambako motor hupasha joto mchana na usiku. Joto na unyevu havizalishi wadudu tu, hufanya pia maharage yawe magumu, yale yanayomaliza mkaa bila kuiva. Kwa mahindi na unga, unyevu una hatari kubwa zaidi. Kuvu inayoota hutoa sumukuvu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Unga wa dona una kiini chenye mafuta, huchacha mapema kuliko sembe. Saga wa wiki mbili au tatu, si gunia.

Karafuu, pilipili kavu, majani ya mwarobaini? Harufu inaweza kumkimbiza mdudu mkubwa. Buu lililo ndani ya punje halisikii chochote. Mafuta ya kula ni bora zaidi kwa kunde: mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, zikichanganywa vizuri na kilo moja huziba mayai pumzi. Dawa ya kupuliza isiingie kabisa kwenye kabati la chakula. Na vile vidonge vya gesi vya kufukizia magunia, vinavyouzwa maduka ya pembejeo, usivilete ndani ya nyumba hata kimoja. Gesi yake huua watu waliolala.

Usimimine chakula kipya juu ya kilichobaki. Mabaki ya chini ndiyo mbegu ya wadudu. Yahamishe, osha kopo kwa sabuni, sugua kwa mswaki mkuukuu pale mfuniko unapojikaza maana unga hujificha humo, kausha siku nzima. Kabati nalo lisiishie kufutwa kwa kitambaa. Pembe za mbao na matundu ya misumari ya rafu hushika vumbi la unga linalotosha kulisha kizazi. Lichokoe kwa kijiti, fagia, ndipo ufute.

Vilivyokwisha kuingiliwa si lazima vitupwe. Wadudu wenyewe si sumu. Loweka maharage: yaliyobunguliwa sana huelea, yaondoe kwa chujio. Mchele upepete, kisha uoshe kwa maji mengi, fukusi na punje tupu huelea. Unga wenye vidudu viwili vitatu uchekeche, ugandishe siku nne, uutumie upesi. Ulio na harufu kali, rangi ya waridi, nyuzi au mabonge yenye ukungu utupe, na usiwape kuku ule wenye ukungu, kwa sababu sumukuvu huwadhuru nao pia.