Je, wajua? Nchini Marekani, mwanamume anaweza kushtaki hata kama aliyemnyanyasa kingono kazini ni mwanamume mwenzake

Oktoba 1991, Joseph Oncale alikuwa kibarua kwenye mtambo wa mafuta baharini, Ghuba ya Meksiko, katika kikosi cha wanaume wanane. Alidai kwamba wenzake watatu, wawili wakiwa wakubwa wake, walimdhalilisha kingono mbele ya wengine, na mmoja akatishia kumbaka. Alipopeleka malalamiko, karani wa usalama wa kampuni alimjibu kuwa hao wawili humsumbua hata yeye. Kisha huyohuyo karani akamkejeli Oncale kuwa shoga.

Hebu mtazame karani huyo. Naye anaonewa, lakini anamcheka anayelalamika. Penye kazi za kiume, anayeandamwa mara nyingi ni yule anayeonekana hajakamilika uanaume, na njia rahisi ya kukwepa zamu yako ni kucheka pamoja na wanaocheka. Tamaa huenda isiwepo kabisa. Kinachotafutwa ni kumshusha mtu. Ndiyo maana wengi hunyamaza: mwanamume anahofia kuulizwa mbona hakupigana, au walimwonaje hata wakamchagua yeye. Wengine mwili huganda palepale, na baadaye hujilaumu kana kwamba waliridhia. Mwanamke anayeshikwashikwa na bosi wa kike naye huambiwa ni mazoea tu ya wanawake.

Oncale aliacha kazi, akaomba karatasi yake ya kuacha kazi iandikwe kuwa ameondoka kwa sababu ya unyanyasaji wa kingono na matusi. Mahakama za chini zilimwambia sheria haimlindi dhidi ya wanaume wenzake. Tarehe 4 Machi 1998, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikataa hoja hiyo: Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza ubaguzi wa kijinsi kazini, awe nani aliyeufanya, na si lazima awe na tamaa.

Je, kila utani sasa ni kesi? Hapana. Majaji walitoa mfano: kocha akimpiga mchezaji kofi la matakoni anapoingia uwanjani, hilo si unyanyasaji, akimfanyia vivyo hivyo katibu wake ofisini, wa kike au wa kiume, huenda ikawa habari nyingine.

Wala hawakuamua kwamba Oncale alinyanyaswa. Walichosema ni kwamba kesi yake irudi ikasikilizwe.