Kiingereza cha kale kwenye hati: maneno yanayofahamika ndiyo yanayoponza

Hati ya zamani ya kiwanja, mkataba wa pango au wosia ulioandikwa kwa Kiingereza huwa na maneno yanayotisha kwa sura tu. 'Messuage' ni nyumba pamoja na ua wake na vibanda vilivyomo. 'Moiety' ni nusu. Haya hayana madhara makubwa, kwa kuwa asiyeyajua atauliza. Hatari iko kwenye maneno ambayo kila aliyepita sekondari anadhani anayajua.

Chukua 'demise'. Gazetini ni kifo. Kwenye mkataba wa pango, 'the demised premises' ni nyumba iliyopangishwa, wala hakuna aliyekufa. Neno hili lilitoka Kifaransa likiwa na maana ya kukabidhi mali. Mfalme akifariki, milki yake ilihamia kwa mrithi, na uhamisho huo nao ukaitwa 'demise'. Baadaye watu wakalitumia kwa kifo chenyewe. 'Determine' nalo, humo mkatabani, mara nyingi ni kukoma. 'If the tenancy is determined' maana yake ni upangaji ukikoma. Anayesoma 'ukiamuliwa' atakaa akingoja uamuzi wa mtu, kumbe muda wake umekwisha.

'Execute' lina sura mbili. Kwa mwandishi wa mikataba ni kutia saini na kukamilisha taratibu za hati; mahakamani ni kukaza hukumu, yaani kuitekeleza. Kwa hiyo 'executed copy' ni nakala iliyokwisha kusainiwa, hata kama hakuna kilichotekelezwa bado. 'Consideration' si kufikiria: ni kile ambacho kila upande unatoa ili upate cha mwenzake, na chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, makubaliano yasiyo nacho kwa kawaida ni batili. 'Quiet enjoyment' halihusu muziki wa jirani. Ni ahadi ya mwenye nyumba kwamba hatamwingilia mpangaji katika matumizi halali ya nyumba.

Mchanganyiko huu una historia. Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, watawala walisema Kifaransa, makarani wakaandika Kilatini na raia wakabaki na Kiingereza chao. Sheria ya mwaka 1362 iliamuru mashauri yasemwe kwa Kiingereza, lakini kumbukumbu ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini, na ni mwaka 1733 tu ndipo Kiingereza kilipochukua nafasi yake rasmi. Waandishi wakazoea kuweka maneno pacha: 'goods' la Kiingereza na 'chattels' la Kifaransa, 'will' na 'testament'. Usitafute tofauti pasipo na tofauti; 'last will and testament' ni wosia mmoja.

Wanaobadili majina Kenya na Tanzania hukutana na 'deed poll', na wengi hudhani lina uhusiano na kura. Halina. Zamani mkataba wa pande mbili uliandikwa mara mbili kwenye ngozi moja, kisha ngozi ikakatwa kwa mstari wa meno kama ya msumeno, kila upande ukabaki na kipande. Vipande visipooana, kimoja ni cha kughushi. Hiyo ndiyo 'indenture', kutokana na neno la Kilatini la jino. Hati ya mtu mmoja, ambayo ndiyo 'deed poll', haikuwa na pacha wa kulinganishwa naye, hivyo ukingo wake ulikatwa sawasawa bila meno, yaani 'polled'.

Maneno madogo nayo yana meno. 'Subject to clause 5' ina maana kifungu unachosoma kinainama mbele ya kifungu cha 5. 'Notwithstanding clause 5' ina maana kinakishinda. Ukiyabadilisha nafasi, umegeuza mkataba mzima. 'Save', katikati ya sentensi, kwa kawaida ni 'isipokuwa'.

Unaposoma hati ya namna hii, anza na kifungu cha tafsiri, ambacho mara nyingi huwa mwanzoni. Neno lililofafanuliwa humo kwa kawaida huanza na herufi kubwa kila linapotokea, na maana yake ni ile iliyoandikwa humo, hata ikipingana na kamusi. Kisha pigia mstari maneno mepesi yaliyokaa mahali pa ajabu, uyatafute katika kamusi ya sheria. Programu ya kutafsiri ya simu ikikuletea 'kifo' kwenye mkataba wa duka, isikushughulishe.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama Tanzania, lakini hati za zamani za Kiingereza bado zinahitaji kusomwa na kufasiriwa. Anayezifasiri aache neno la asili kando ya tafsiri yake, hasa 'determine' na 'execute', ili wakili aone ni maana ipi iliyochaguliwa na aweze kuipinga.