Candidus: sio nyeupe tu, ni nyeupe pe

Ukitaja candida watu akili inakimbilia fangasi, wengine wanamkumbuka shangazi Kandida wa kanisani, ila lenyewe ni neno la rangi tu, la Kilatini. Na linabadilika kufuata jina linalosifiwa, candidus, candida, candidum, kama sisi tunavyosema mweupe, cheupe, nyeupe, kwa hiyo usishangae mwisho wake ukigeukageuka.

Sasa Warumi walikuwa na nyeupe mbili bwana. Albus ni nyeupe ya kawaida, imepoa, kama ukuta uliopigwa chokaa, halafu candidus ni ile inayong'aa mpaka unakunja macho. Hata nyeusi walizigawa hivyohivyo, ater ni nyeusi ya masizi isiyo na mng'ao na niger ni nyeusi inayometa. Sisi tunaongeza tu "pe" au "ti" mwishoni, wao walibadilisha neno zima.

Candidus limetoka kwenye kitenzi candere, kung'aa, kuwaka, yaani kilichotangulia ni mwanga, rangi ikafuata. Mzizi ni wa zamani sana, unaupata mpaka Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kwenye chandra, mwezi, ndo maana kuna Wahindi wanaitwa Chandra.

Utamu uko kwenye siasa. Mrumi wa kawaida alivaa toga, lile vazi la kujizungushia, lenye rangi ya sufu yenyewe, lakini akitaka cheo anaipaka chaki hadi inang'aa, inakuwa toga candida, anaingia sokoni kushika watu mikono na kila mtu anamwona toka mbali huyu anaomba kura, akaitwa candidatus, yaani aliyevalishwa nyeupe, na hapo ndo Waingereza walipata neno lao la mgombea. Mwanahistoria Livy anasema mwaka 432 KK ilipitishwa sheria kuwazuia wagombea kuongeza weupe kwenye nguo, ila waliendelea tu, maana mwaka 64 KK Cicero, mwanasiasa na msemaji hodari wa Roma, anagombea ukonsuli, cheo cha juu kabisa cha kuchaguliwa, na akiwa kwenye joho hilohilo akawachana wapinzani wake mbele ya seneti. Cha kuchekesha, candidus hilohilo lilikuja kumaanisha pia mtu mkweli asiyeficha kitu, sasa weka ukweli na mgombea chumba kimoja uone.

Fangasi je? Candida albicans ilipata jina la Candida mwaka 1923, ule utando mweupe mdomoni kwa watoto, na albicans nayo imetoka kwa albus, yaani wataalamu wameita kitu "nyeupe inayokuwa nyeupe", sijui waliishiwa maneno.

Halafu kuna candela, mshumaa, mtoto wa candere huyohuyo. Wagiriki wakalichukua wakasema kandela, likafika kwa Waarabu likawa qindil, Waarabu wakatuletea huku pwani, na ndo hii kandili yetu.