Kupima umri wa mashapo ya changarawe kwa luminesensi

Kipimo cha luminesensi hujibu swali moja: chembe hii ya mchanga iliona jua lini kwa mara ya mwisho? Ikishafukiwa, chembe ya kwatzi au feldispa (madini ya kawaida ya mchanga) hupigwa na mionzi hafifu ya urani, thori na potasiamu iliyomo kwenye udongo unaoizunguka, pamoja na miale ya kutoka anga za juu. Mionzi hiyo hung'oa elektroni, na baadhi hunaswa kwenye kasoro za fuwele. Chembe ikimulikwa maabara, elektroni huachiliwa na mwanga hutoka; wingi wake huonyesha dozi ya mionzi iliyokusanyika. Dozi iliyokusanyika hugawanywa kwa dozi ya kila mwaka: grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 30, kwa kasi ya grei 3 kila miaka 1,000, ni miaka 10,000. Kumulika kwa mwanga badala ya kupasha joto kulianza mwaka 1985, kwa kazi ya mwanafizikia David Huntley na wenzake.

Hesabu ni nyepesi. Ugumu uko chini ya milima, pale korongo linapofunguka na mafuriko kutandaza mzigo wake kwa umbo la upepeo. Jua kali hufuta dozi iliyokusanyika kwenye kwatzi kwa sekunde chache tu, lakini ndani ya tope zito lililobeba majabali halipenyi. Chembe isiyofutwa hubaki na dozi ya zamani, na shapo huonekana kongwe kuliko lilivyo. Ndiyo maana hupimwa chembe moja moja, zisizozidi robo milimita, na kundi lenye dozi ndogo ndilo hupewa uzito.

Kuchukua sampuli nako ni shughuli. Bomba la chuma haliingii kwenye kokoto, kwa hiyo hutafutwa tabaka jembamba la mchanga, au huchimbwa usiku kwa taa nyekundu hafifu. Miale ya gama husafiri kama sentimita 30 ardhini, hivyo jabali la jirani hubadilisha dozi. Ni heri kuipima palepale shimoni. Maji nayo hupunguza mionzi.

Njia inayonivutia zaidi ni kupima mawe yenyewe. Jiwe hutobolewa, kisha kipande kilichotoka hukatwa vipande vyembamba kuanzia usoni kwenda ndani. Mwanga unaotoka kwenye vipande hivyo ukiwa mdogo kwa milimita kadhaa za mwanzo, kisha ukaongezeka kwenda ndani, jiwe lilianikwa vya kutosha kabla ya kufukiwa. Ukiwa mkubwa tangu usoni, jiwe hilo huachwa.