Kabila si ukabila: tunayoyakosea kwenye kipindi cha Maadili

Semina ya walimu wa msingi haifiki chai ya saa nne kabla mtu hajanyoosha mkono: "Lakini hapo si tutakuwa tunawachochea watoto ukabila?" Swali huja pale tu inapotajwa shughuli ya mwanafunzi kueleza kwao ni wapi na nyumbani wanaongea nini. Huulizwa kwa nia njema kabisa, na nusu ya ukumbi huguna kukubaliana. Sasa kwa kuwa Historia ya Tanzania na Maadili ni somo la lazima, linaulizwa kwa woga zaidi. Basi tulijibu kwa kirefu mara moja, na dhana nyingine potofu za kipindi hiki tuzipitie mbiombio.

Dhana: Kutaja kabila darasani ni kupanda ukabila

Tuanze na lugha yenyewe, maana Kiswahili kimeshatufanyia nusu ya kazi. Kina kabila na ukabila, kina dini na udini, na hakijawahi kuvichanganya. Dini ni ya mtu. Udini ni pale anayeajiri anapotazama rozari au kofia kabla ya kutazama cheti. Kabila ni kwenu. Ukabila ni pale kwenu panapogeuka tiketi ya cheo. Mtoto wa darasa la nne anaipata tofauti hiyo kwa dakika tano ukimpa mfano wa kiranja aliyechaguliwa kwa sababu tu ni binamu wa kiranja aliyepita. Asichokipata ni kwa nini mwalimu wake anashtuka akisikia neno Mgogo.

Wanaotetea ukimya husema Mwalimu Nyerere alifuta makabila. Hakufuta. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi. Vijana wa sekondari wakapangiwa shule za bweni mbali na kwao, wa Kagera akajikuta analala kitanda kimoja cha juu na chini na wa Lindi. Hatua zote hizo zililenga kuzuia kabila lisiwe kipimo cha kugawia vitu. Hakuna hata moja iliyomkataza bibi kumwimbia mjukuu wake Kinyaturu. Serikali kutohesabu makabila ni jambo moja. Mwalimu kumfanya mtoto aone haya kwa lugha ya mama yake ni jambo lingine.

Na ukimya wenyewe hauleti anachokitegemea mwalimu. Mtoto asiyepata habari za makabila darasani anazipata kijiweni, kwenye daladala na kwenye vichekesho vya simu: Mchaga ni hela, Mkurya ni ngumi, Msukuma ni mshamba, Mzaramo ni ngoma. Akifika darasa la saba anayajua hayo manne na hajui kitu kingine chochote. Shule inayomvisha kibao shingoni aliyekutwa akiongea kilugha uwanjani imeshamfundisha utambulisho, tena kwa ufanisi mkubwa: kajifunza kwamba nusu ya nyumba yao ni kosa.

Sasa shughuli yenyewe. Inatosha kipindi kimoja cha dakika 40, hata darasa likiwa na watoto 80.

Siku moja kabla, toa kazi ya nyumbani ya neno moja tu: "Muulize mtu mzima nyumbani, 'mtu' mnamwitaje kwa lugha ya babu na bibi?" Ukiomba maneno kumi, nusu ya darasa watakuja mikono mitupu. Siku ya kipindi gawa makundi ya wanane, kila kundi kipande cha manila na kalamu moja ya kuandikia. Kwa dakika 10 kila mmoja anasema neno lake, na mwandishi wa kundi anaandika neno pamoja na jina la lugha. Jina la mtoto haliandikwi. Dakika 10 zinazofuata mwalimu anayahamishia yote ubaoni. Dakika 15 ni za maswali, 5 za daftari.

Ubaoni patatokea kitu kama hiki: omuntu kwa Kihaya, munhu kwa Kisukuma, munhu tena kwa Kigogo, umundu kwa Kinyakyusa, mndu kwa Kichaga. Watoto watagundua wenyewe kabla hujafungua mdomo. Kelele zitakuwepo, zivumilie, hizo ni kelele za kazi.

Halafu kuna mtoto kaandika oltung'ani. Kimasai.

Hapa ndipo kipindi huharibika. Mwalimu aliyeshafurahia omuntu na munhu anahitimisha haraka: "Mnaona? Lugha zetu zote ni moja, ndiyo maana sisi ni wamoja." Kwa sentensi hiyo kamtoa nje mtoto wa Kimasai, na wa Kidatoga, na wa Kiiraqw, na wa Kihadzabe, na yule ambaye nyumbani kwao dukani wanaongea Kigujarati. Kimasai ni lugha ya Kiniloti, Kiiraqw ni ya Kikushi. Hazitafanana na zile tano za kwanza, ambazo ni za Kibantu, hata uzibane vipi. Kama umoja wetu unategemea kufanana kwa maneno, hao hawamo.

Swali la kuuliza pale ni hili: "Neno la mwenzetu halifanani na yetu. Ni nini basi kinachotufanya tuwe darasa moja?" Kisha nyamaza. Wataanza na Kiswahili, watafuata na shule, sare, bendera, kuna atakayesema Taifa Stars na hatakuwa amekosea sana. Wakiishiwa, rudi ubaoni, chukua neno mtu, badili herufi ya kwanza: utu. Waulize mtu anayeitwa hana utu kafanya nini. Kisha mwombe yule wa Kimasai aulize nyumbani maana ya enkanyit, aje awaeleze wenzake kesho. Ni heshima, na kwa Wamasai ni neno zito. Sasa yule aliyekuwa pembeni ndiye mwenye cha kufundisha.

Makosa ya kuepuka. Usiseme kamwe "Wapare wanyooshe mikono". Ukihesabu umetengeneza walio wengi na walio wachache, na aliye peke yake anaondoka akijua hivyo. Mtoto mwenye Kiswahili tu, na Pwani na Visiwani ndio wengi, asiambiwe "wewe huna kilugha". Kiswahili ndicho cha nyumbani kwao; kiandikwe katikati ya orodha kama lugha nyingine zote, kisiwekwe juu kama kichwa cha habari. Mwenye baba Mpare na mama Mnyiramba aandike yote mawili, asilazimishwe kufuata upande wa baba. Na atakayerudisha karatasi tupu aachwe. Kwenye wilaya za mpakani, Kigoma na Kagera hasa, kuna familia zilizowahi kusumbuliwa kuhusu uraia. Swali la "ninyi mlitokea wapi" linaweza kumfikia mtoto kama la afisa uhamiaji. Uliza neno, usiulize asili.

Darasa la tano na kuendelea wapeni utani wa makabila. Nashangaa jinsi shule zinavyoacha hazina hii na kwenda kutafuta michezo ya kujenga umoja kwenye vitini. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19. Leo ni watani, na Mngoni anaweza kuingia kwenye msiba wa Mhehe akafanya vituko vinavyowachekesha wafiwa bila mtu kukasirika. Wachaga na Wapare nao hivyo hivyo. Kila mwanafunzi aulize nyumbani watani wao ni akina nani na utani ulianzaje, aandike sentensi tano. Mjadala ujikite kwenye kanuni zake: utani una jozi, una mipaka, na anayetaniwa ana haki ya kujibu. Ndiyo maana mwalimu anayemwambia mwanafunzi "ninyi Wachaga mnapenda hela" hatanii. Mtoto hawezi kumjibu, kwa hiyo hiyo ni kejeli. Watoto wakiishika kanuni hiyo wanakuwa na kipimo cha kupimia hata yale yanayosemwa kwenye simu.

Dhana: Mti wa ukoo ndio mwanzo mzuri wa "Mimi ni nani"

Ni mwanzo mbaya kuliko yote, na umo kila mahali. Mchoro wenye nafasi za baba, mama, babu wawili na bibi wawili unamtaka mtoto ajaze mbele ya wenzake, na darasani kuna yatima, kuna anayelelewa na shangazi, kuna asiyemjua baba, kuna anayeishi makao ya watoto. Watajaza uongo au wataacha wazi, na jirani wa dawati atasoma.

Badala yake chora duara, jina la mtoto katikati, mistari mitano ikitoka nje, na maelekezo yawe "watu watano wanaonilea au kunifundisha kitu". Bibi ataingia, jirani ataingia, fundi baiskeli aliyemfundisha kuziba pancha ataingia.

Ukitaka kwenda kwenye asili, pitia majina. Chausiku kazaliwa usiku, Masika kazaliwa wakati wa mvua, Mwanaidi kazaliwa Idi. Kulwa na Doto ni majina ya mapacha kutoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi, na leo yamezagaa nchi nzima: hapo una mfano wa kitu cha kabila kilichogeuka cha taifa bila mtu kutoa amri. Tahadhari moja: wapo akina Tabu, Shida, Mashaka na Sikujua. Asilazimishwe mtu kueleza jina lake, na mwalimu aanze kwa kueleza la kwake.

Dhana: Akishakariri rangi za bendera, kazi imekwisha

Kijani uoto, njano madini, nyeusi watu, buluu maji. Wanaitiririsha kwa pumzi moja, na ukimuuliza mmojawao buluu ilitoka wapi anakutumbulia macho. Bendera ya Tanganyika haikuwa na buluu. Ililetwa na ya Zanzibar mwaka 1964, zilipounganishwa. Hiyo peke yake ni somo la Muungano zima.

Nembo ya taifa ndiyo yenye mengi zaidi na ndiyo inayotazamwa kidogo zaidi. Usitoe fotokopi ndogo nyeusi tupu, haionyeshi kitu. Ichoreni kubwa kwenye manila, ibandikwe, watoto waitazame kimya dakika tatu kabla ya swali lolote. Kisha waulize nani wamesimama, juu ya nini, miguuni pana mimea gani. Watamwona mwanamume na mwanamke juu ya Kilimanjaro wakishika pembe za ndovu, miguuni karafuu kwa mmoja na pamba kwa mwenzake. Waache wabishane kwa nini iwe mimea hiyo miwili. Atakayefika kwenye karafuu za Pemba na pamba ya Usukuma mpigieni makofi. Swali la mwisho: kama wangeruhusiwa kuongeza kitu kimoja cha mkoa wao, wangeongeza nini na wangetoa nini? Hilo la kutoa ndilo gumu, na ndilo linalowafanya wafikirie.

Orodha za tunu za taifa, yaani mambo tunayoyathamini kama nchi, nazo ziko hivyo hivyo. Rasimu ya Katiba ya mwaka 2013 ilitaja saba: utu, uzalendo, uadilifu, umoja, uwazi, uwajibikaji na lugha ya taifa. Kuzitaja zote saba ni kazi ya kasuku. Chagua moja kwa wiki mbili, na ianze na tukio la pale pale shuleni: chaki zimepotea, mpira umepasuka, mtu kasingiziwa.

Dhana: Mzalendo haisemi vibaya nchi yake

Na mtoto asiyeruhusiwa kusema choo cha shule kinanuka atakuwa mwananchi wa namna gani? Wafundishe kusema kwa utaratibu: tatizo ni nini, linamuumiza nani, nani anahusika, sisi tunaweza kufanya lipi. Mistari minne kwenye karatasi, inasomwa mbele ya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu aandaliwe mapema asije akaichukulia kama mgomo.

Dhana: Bado wadogo mno, hawayajui haya

Watoto wa awali wanajua tayari nani anasuka nywele vipi, nani haji Ijumaa mchana, nani anacheka lafudhi ya nani. Wanayajua, ila hawana maneno.

Dhana: Hilo ni la mwalimu wa Maadili

Watoto wanamsikia mwalimu wa Hisabati pia, hasa anaposema "wasichana jaribuni tu". Nenda kasome ratiba ya zamu iliyobandikwa nyuma ya mlango wa ofisi. Kama wasichana ndio wachota maji na wafagiaji, na wavulana ndio wagonga kengele na wapandisha bendera, ibadilishe leo kwa kalamu nyekundu, kila zamu mvulana mmoja na msichana mmoja. Kipindi cha usawa kiandaliwe wiki ijayo, ratiba mpya ikiwa imeshaanza kufanya kazi.