Rilei inayotetemeka jioni: kwa nini kilinganishi kinahitaji mipaka miwili

Umeunda saketi ya kuwasha taa giza likiingia: kihisi mwanga, kilinganishi, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme). Ukakifunika kihisi kwa kiganja, rilei ikapiga "tak" mara moja, ukaridhika. Jua linapozama, rilei hiyo hiyo inaanza kutetemeka tak-tak-tak kwa dakika nzima, taa inapepesa, na ncha za rilei zinazogusana zinaungua kwa cheche.

Wengi hukimbilia kubadilisha kilinganishi. Hiyo ni kukionea, maana hakijaharibika, kinatii mno. Kazi yake ni kutazama volti mbili, ya kihisi na ile uliyoiweka kuwa mpaka, na kusema ipi kubwa, na tofauti ya milivolti chache tu inatosha kukigeuza. Kiganja chako kilipita kwenye mpaka kwa kufumba na kufumbua. Jioni haina haraka hiyo. Volti ya kihisi inaukaribia mpaka taratibu sana, huku imebeba kelele za umeme kutoka kwenye nyaya, usambazaji na rilei yenyewe. Kila wimbi dogo la kelele linavuka mpaka na kurudi, na kilinganishi kinaripoti kila safari.

Dawa yake ni histeresisi: mpaka mmoja wa kupandia, mwingine wa kushukia. Friji hufanya vivyo hivyo. Mota haiwaki na kuzimika kwenye nyuzijoto moja. Huwaka joto likipanda kiasi, ikazimika likiwa limeshuka chini zaidi ya hapo.

Kwenye saketi, rezista moja inatosha kuleta mrejesho chanya, kutoka kwenye tokeo la kilinganishi hadi ingizo lake la kujumlisha (+). Tuseme usambazaji ni volti 12, na mpaka wa volti 6 unafika kwenye ingizo hilo kupitia rezista ya kiloomu 10. Ishara ya kihisi inaingia kwenye ingizo la kutoa (−). Weka rezista ya mrejesho ya kiloomu 470. Tokeo likiwa volti 12, mpaka unavutwa juu hadi volti 6.125, likiwa sifuri, unashuka hadi 5.875. Pengo ni volti 0.25, yaani 12 mara 10 gawanya kwa 480. Kilinganishi kikishageuka, mpaka wenyewe umekwishahama, na kelele ndogo kuliko pengo haiwezi kukirudisha.

Upana wa pengo upimwe, usikisiwe. Tazama kelele kwa osiloskopu, kifaa kinachochora volti kwenye skrini, kutoka kilele hadi bonde, kisha chagua pengo kubwa kuliko hapo. Ukizidisha, taa itachelewa kuwaka jioni na kuchelewa kuzimika asubuhi. Kapasita kwenye ingizo husaidia kupunguza kelele, lakini haishiki nafasi ya histeresisi: inaifanya ishara kuwa ya polepole zaidi, na kelele inayobaki bado inakutana na mpaka mmoja.

Kuna mtego ambao hata mafundi wazoefu hunasa. Vilinganishi kama LM393 haviwezi kusukuma tokeo juu vyenyewe. Vinahitaji rezista ya kulivuta kuelekea usambazaji. Ukiunganisha tokeo hilo moja kwa moja na beisi (mguu wa kudhibiti) ya transista inayoendesha rilei, transista italizuia karibu na volti 0.7. Hapo hesabu ya volti 12 imekufa, na pengo linabaki takriban volti 0.015. Weka rezista kubwa ya kutosha kabla ya beisi, kisha pima tokeo upya.

Mbinu hii si ngeni. Otto Schmitt, Mmarekani, aliibuni mwaka 1934 akiwa bado mwanafunzi na akaichapisha 1938, enzi za vali za utupu. Alikuwa akichunguza mishipa ya fahamu ya ngisi. Ndiyo maana saketi za aina hii huitwa triga za Schmitt, na leo chipu ya 74HC14 inabeba sita pamoja.

Kama rilei bado inawaka na kuzima baada ya yote haya, angalia taa yenyewe: huenda inakimulika kihisi. Hapo rezista haina kosa. Sogeza kihisi au kikinge.