Kidonge kugoma kumeguka majini si ushahidi wa dawa feki

Video ile imenifikia tena. Glasi mbili za maji, vidonge viwili, muziki wa kutisha. Kimoja kinasambaratika mara moja, kingine kinakaa chini kimenuna, kisha sauti inatangaza kwamba hicho cha pili ni feki na kitapita tumboni kama jiwe. Kazi yangu ni kupima vidonge maabara. Jamani, glasi hiyo haijapima kitu.

Tuanze na hicho kinachosifiwa. Kidonge cha wanga mtupu, kisicho na chembe ya dawa, humeguka bila shida yoyote. Wanga ni mojawapo ya vitu tunavyotia makusudi ili kidonge kinywe maji, kivimbe na kujipasua. Tapeli mwenye mashine ya kugandamiza na gunia la wanga anafaulu mtihani wenu kwa alama zote.

Maabara tunatia vidonge sita, kila kimoja kwenye mrija wenye wavu chini, tunavipandisha na kuvishusha mara 29 hadi 32 kwa dakika katika maji ya nyuzi 37. Famakopea ya Ulaya, yaani kitabu cha viwango vya ubora wa dawa, inakipa kidonge kisichovikwa chochote dakika 15, chenye utando mwembamba dakika 30. Maji yaliyotulia mezani hayana joto hilo wala msukosuko huo.

Lakini kinachonikera hasa ni vidonge ambavyo havitakiwi kumeguka. Omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, huharibiwa na asidi hiyohiyo, kwa hiyo huvikwa ganda linalohimili asidi. Kidonge chenye ganda la aina hiyo tunakitesa saa 2 ndani ya asidi, na kikipasuka tu, tunakikataa. Kikivumilia, tunakihamishia kwenye kimiminika cha pH 6.8 (pH ni kipimo cha ukali wa asidi), kinachoiga utumbo mwembamba, na huko ndiko lazima kifumuke. Yaani hapa kinachomeguka mapema ndicho kibovu! Aspirini nayo huvikwa ganda hilo kwa hoja ya kulinda tumbo. Mimi sijashawishika: ushahidi kwamba linapunguza kutokwa damu tumboni ni dhaifu.

Kuna pia dawa za kutoka polepole. Baadhi ya vidonge vya nifedipine, dawa ya shinikizo la damu, vina ganda gumu lenye tundu dogo lililotobolewa kwa leza. Maji hupenya ndani, dawa husukumwa nje taratibu kwa takriban saa 24, na ganda hutoka chooni likiwa zima. Wagonjwa huliona wakadhani wameibiwa. Wengine, kwa kuamini video, huanza kukiponda kidonge kabla ya kukimeza, wakajipa dozi ya siku nzima kwa mkupuo. Hilo ni hatari, acheni.

Halafu, kumeguka si kuyeyuka. Kidonge kikishakuwa punje, dawa iliyomo bado inapaswa kuyeyuka ndipo ipenye ukuta wa utumbo. Griseofulvin, dawa ya fangasi, inayeyuka kwa shida kiasi kwamba ukubwa wa punje zake unabadilisha kiasi kinachoingia mwilini. Ndiyo maana kuna kipimo kingine, cha kuyeyuka, kinachofuatilia dawa iliyoingia majini kadiri dakika zinavyokwenda. Kwa dawa chache zinazoyeyuka upesi sana, miongozo ya kimataifa inaruhusu kipimo cha kumeguka kitoshe peke yake. Naikubali ruhusa hiyo, ila kwa shingo upande, maana hata mashine yetu si tumbo. Haijala chakula cha mafuta, haina ute, haina umri.

Na wanaotumia siki badala ya maji, wakiyaona mapovu kuwa ushahidi? Siki ikikutana na kalsiamu kaboneti, kemikali iliyomo kwenye baadhi ya vidonge, hutoa mapovu. Ganda la yai nalo hufanya hivyohivyo, na si dawa.

Ukiishuku dawa, mpelekee mfamasia ikiwa na pakiti yake, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Peleka vidonge vizima vyote vilivyobaki. Kupima kama dawa imo, na kwa kiasi gani, huhitaji vingi, na kilichokwisha kulowekwa hakitusaidii.